Kiingereza cha Ufa wa Namba Tatu

Kilichonishtua kwanza ni sauti ya kitambaa kikichanwa. Si kitambaa chepesi. Ni kitu kizito kama turubai, kinachochanwa taratibu na mtu asiyetaka kusikiwa. Ilianzia ng'ambo ya ua, kwenye safu ya vyumba inayotazamana na yetu, ikatambaa chini ya ardhi kuelekea bomba la maji, ikanyamaza. Ilikuwa alasiri. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na mabati yalikuwa bado yanadondoka.

Mtu mwingine angetoka nje mbio. Mimi nilibaki kitini nikijiuliza kama nilichosikia kilikuwa "sound" au "noise". Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana na jinsi Wakenya wanavyoyachanganya katika matangazo na ilani, na mtu akikaa na jambo kama hilo kwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kushtuka kama watu wengine. "Sound" ni chochote kinachofika sikioni. "Noise" ni kile ambacho sikio halikukitaka. Nilihitimisha kwamba kwangu mimi ilikuwa "noise", ila kwa ardhi yenyewe, ambayo pengine ilihitaji kufanya ilichofanya, huenda ikawa "sound" tu. Niliandika wazo hilo pembeni mwa ukurasa.

Tabia hiyo ilikuwa na sababu zake za zamani kidogo. Majuma machache kabla ya hapo, jopo la idara yetu lilikaa kunisikiliza nikitetea sura za mwanzo. Mjumbe mmoja, aliyekuwa akinywa chai muda wote, aliniuliza swali moja tu: tofauti hizi zinamsaidia nani? Nilijibu kwa urefu. Nilianza kwa kutofautisha "help" na "assist". Nilipofika "aid", mwenyekiti alitazama saa. Nilirudishwa nyumbani kurekebisha, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kukagua kila sentensi kabla haijatoka kinywani, hata salamu. Muuza maziwa akiniambia "Niaje?", nilikuwa naanza kupima alichotaka kujua hasa.

Ploti yetu iko upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, mahali ambapo udongo ni kama unga uliokaangwa: ukikauka unapeperuka, ukilowa unadidimia. Ni vyumba kumi, safu mbili, ua katikati, bomba moja, na kamba za nguo zinazopitishwa juu kwa namna ambayo mtu mrefu hawezi kwenda chooni bila kupigwa usoni na shuka la jirani. Mimi nilikaa namba nane, mwanamke peke yangu na vitabu vyangu. Ng'ambo yangu, namba tatu, alikaa mama mmoja mzee ambaye ploti nzima ilimwita mathe, yaani mama. Baba mkwe wake aliletwa pande hizi na reli kutoka magharibi ya Kenya, mumewe akafia kazini kiwandani, naye alibaki na cherehani ya miguu ambayo aliitumia kushona sare za shule, pamoja na mjukuu wa kike ambaye alikuwa hajaanza shule.

Alasiri ile ya sauti, mathe alitoka nje ameshika sufuria, akapaza sauti kuelekea mlango wangu.

"Nani anachana shuka huko?"

"Si mimi, mathe."

"Basi ni fuko anachimba. Mafuko wa siku hizi wameshiba sana." Akapiga sakafu ya baraza kwa kisigino. "Wewe fuko! Kuna watu wamelipa hapa!"

Asubuhi iliyofuata ufa ulionekana. Ulitoka karibu na bomba, ukakata ua kwa mshazari, ukapanda baraza la namba tatu, ukaingia chini ya mlango kama mgeni aliyealikwa. Mjukuu wa mathe alikuwa wa kwanza kuupatia matumizi: alichuchumaa akawa anadondosha vifuniko vya soda ndani yake, kimoja kimoja, na kila mara anainamisha kichwa kusikiliza. Baadaye akainuka akamlalamikia bibi yake kwamba shimo halijibu.

Hapa lazima nieleze desturi moja, kwa maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu, Kiswahili ni cha kutaniana, lugha ya nyumbani ni ya kusengenya na kuomba Mungu, na Kiingereza ni cha mambo mazito. Mtu aliye kwenye foleni ya hospitali huanza kwa Kiswahili. Akipuuzwa, husafisha koo na kuanza upya kwa Kiingereza, na hapo karani huinua macho. Mume na mke wakigombana kwa Kiswahili, majirani huendelea kupika. Siku wakianza kugombana kwa Kiingereza, majirani hupunguza redio. Kwa hiyo ufa uliosimuliwa kwa Kiswahili ni porojo. Ukiandikwa kwa Kiingereza, ndipo unakuwa ufa. Na ukiandikwa kwa Kiingereza kinachochechemea, basi na ufa wenyewe unachechemea.

Hakuna aliyeijua desturi hii kuliko mwenye ploti. Tulimwita Madam. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyefundisha shule nyingi kati ya Rongai na Elmenteita, na sasa alikuwa akilima mahindi Rongai na kutuongoza kwa simu. Si kwa kupiga simu, hasha. Madam hakupokea simu za wapangaji kabisa. Sheria hiyo aliiweka siku alipofungua kikundi chetu cha WhatsApp. "Put it in writing," aliandika, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya kikundi. Malalamiko yaliandikwa. Madam aliyasoma. Kisha aliyarudisha yakiwa picha, yamepigiwa mistari myekundu kwa kidole, makosa yote yamesahihishwa na maksi zimewekwa pembeni. Mtu aliyelalamikia choo kilichoziba alijikuta na alama nne kwa kumi, na kwa aibu hakukitaja choo hicho tena.

Wa kwanza kuripoti ufa alikuwa jirani wa namba tano, dereva wa lori la mizigo ambaye maisha yake yalipita zaidi Mai Mahiu kuliko nyumbani. Aliandika: "Madam their is a big crack and we are going to loose our life." Haikupita muda picha ikarudi. "There", si "their". "Lose", si "loose". "Lives", kwa kuwa mko wengi. Rudia.

Dereva akarudia. Aliandika sentensi ile ile, safari hii bila kosa hata moja. Madam akamjibu kwa neno "Excellent" na kidole gumba. Basi. Ufa ukaisha hapo.

Jioni hiyo dereva alikuja mlangoni kwangu, mathe akiwa nyuma yake na mtoto akiwa nyuma ya mathe.

"Msomi," alisema dereva, "huyu mama anatumaliza na kalamu nyekundu. Sisi hatumwezi. Wewe ndiye uko na masters."

"Bado sijamaliza."

"Hata nusu inatosha. Mtwangie ile ya chuo. Ile hata mimi nikisoma sielewi."

"Mwambie kitanda changu kimeanza kuinama," alisema mathe. "Mguu mmoja umeshuka. Nikilala najikuta nimeteremkia ukutani kama gunia."

"Mathe, hiyo ya kitanda si ya kuandika," dereva alimkatiza. "Hiyo ni ya Kiswahili."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliona ana hoja.

Niliandika. Msomaji anayedhani kuandika taarifa fupi kuhusu ufa ni kazi rahisi hajawahi kusimama mbele ya "crack" na "fissure". "Crack" ni mpasuko wa kitu: ukuta, kikombe, sakafu. Una mwenyewe, yaani mwenye kitu hicho, na mwenyewe ndiye mwenye kuutengeneza. "Fissure" ni mpasuko wa ardhi, wa mwamba, wa bonde lenyewe. Hauna mwenyewe ila Mwenyezi Mungu, ambaye hana kikundi cha WhatsApp. Nikiandika "crack", Madam ataleta fundi na mfuko wa saruji, azibe, aende. Nikiandika "fissure", atasema hilo ni la Bonde la Ufa, lilianza kabla yake na litaendelea baada yake. Niliwaza siku mbili. Niliweka zote mbili katika sentensi moja, nikizitenganisha kwa nuktamkato, kisha nikaona nuktamkato inaleta mashaka, lakini nikaiacha. Nikatafuta ufafanuzi wa "hazard", ambayo ni kitu kinachoweza kudhuru, na "risk", ambayo ni uwezekano wa kudhurika, na "danger", ambayo ni hali ya kuwa tayari umesimama mdomoni mwa jambo. Nilichagua "hazard" kwa sababu ya hadhi yake. Mwishoni nikaweka "imminent". Nilihakikisha haijawa "eminent", kwani hilo lingemaanisha kwamba maafa yetu ni mashuhuri.

Niliituma taarifa kwenye kikundi. Kisha Madam akajibu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa kikundi kile kumwona akifurahi. Hakurudisha picha. Aliandika kwamba hatimaye amepata mpangaji anayejua nuktamkato, kwamba sentensi ya pili ilimkumbusha wanafunzi wake bora, na kwamba ana swali moja dogo. "Imminent" ni kitu ambacho kiko mlangoni, kinabisha. Je, nina ushahidi wa kubisha huko? Au nilimaanisha "possible", kinachowezekana tu?

Nikamjibu. Naye akanijibu. Nikamletea "probable", akaikataa akasema hilo linahitaji hesabu. Akaniletea "settle", akidai kwamba nyumba zote mpya hutulia, na kutulia si kuzama. Nikamjibu kwamba kitu kinachotulia hatimaye hutulia, ilhali namba tatu haionyeshi nia hiyo. Hiyo niliipenda. Niliisoma mara kadhaa kabla ya kulala.

Wapangaji wengine walijigeuza watazamaji. Madam akijibu, mtu anaandika "Goooal". Mimi nikijibu, mwingine anaandika "Twende VAR, refa aangalie video". Dereva alinipigia kutoka kituo cha malori Mai Mahiu, nyuma yake injini zinanguruma na mtu anaitisha chai ya rangi.

"Msomi, hapa hakuna network ya maana. Nani anaongoza?"

"Si mashindano."

"Najua si mashindano. Nani anaongoza?"

"Nadhani mimi, kidogo. Amekubali 'hazard'."

"Eeeh!" Akawageukia wenzake. "Amekubali hazard!" Nikasikia madereva nisiowajua wakishangilia neno ambalo hakuna hata mmoja wao aliyejali maana yake, na ninakiri kwamba sikuona ajabu yoyote katika hilo.

Ajabu ilikuwa ng'ambo ya ua. Mathe alikuwa ameweka katoni iliyokunjwa chini ya mguu wa kitanda, kisha katoni mbili, kisha kipande cha tofali. Cherehani aliisogeza mbali na ukuta, kwa sababu ilikuwa imeanza kujiendesha: akiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea taratibu lenyewe kufuata mteremko. Kila nikitoka kuteka maji alinisimamisha.

"Habari ya Kiingereza?"

"Inaendelea, mathe."

"Na ikishakamilika utanipata chini ya kitanda au chini ya nyumba?"

"Tumefika mahali pazuri. Anaelekea kukubali."

"Akubali nini?"

Hapo nilianza kueleza tofauti ya "settle" na "sink". Mathe alinisikiliza huku akitunga uzi, macho nusu yamefungwa, kichwa akiinamisha kwa heshima kila nilipopumua. Nilipomaliza akasema, "Mungu akubariki, umesoma," kisha akaniomba nimshikie upande mmoja wa kitanda aongeze tofali.

Mvua ilirudi mwishoni mwa juma. Ile sauti ya turubai ikarudi nayo, mara hii ikiwa ndefu zaidi, na ilipokwisha kulikuwa na sauti ndogo nyingine juu yake, kama mtu anayemimina mchele: lipu ilikuwa inadondoka ukutani mwa namba tatu. Mlango wa mathe ukakataa kufunga. Ndani ya ule ufa sasa ungeweza kuingiza mkono, ingawa hakuna aliyejaribu isipokuwa mtoto, na alichapwa.

Niliandika tena, safari hii haraka zaidi, na Madam akajibu haraka zaidi kuliko kawaida yake. Jibu lake lilikuwa sentensi moja. Alisema kwamba wale wanaohisi hawako salama wako huru "to vacate".

Nitasema ukweli kuhusu nilivyohisi. Nilifurahi. Baada ya siku zote hizo Madam alikuwa amekosea, na alikuwa amekosea ndani ya sura ya tatu kabisa ya tasnifu yangu. Maneno haya mawili, "vacate" na "evacuate", ndiyo yanayochanganywa zaidi katika ilani zetu. Nilikuwa na mifano yake tele. Ku-"vacate" ni kuachilia: unatoka, unarudisha ufunguo, mahali panakuwa wazi kwa mwingine. Ku-"evacuate" ni kuondolewa hatarini: unatoka kwa sababu ya moto au mafuriko, lakini mahali panabaki pako, panakusubiri. La kwanza linamaliza upangaji. La pili linausimamisha tu, kama mtu anavyoweka kidole katikati ya kitabu. Niliyaandika haya yote kwa adabu, nikamalizia kwa kumweleza Madam kwamba bila shaka alikusudia "evacuate", na kwamba ni kosa linalofanywa hata na watu waliosoma sana.

Kikundi kililipuka. "Goal!" "Madam amelala!" Dereva alituma picha ya mpira uliogonga nyavu.

Madam alijibu kwa maneno machache ya Kiingereza, ninayoyatafsiri hapa. "Ninaijua tofauti hiyo. Nilifundisha tofauti hiyo. Nimechagua neno langu."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama mlangoni. Kwa muda wote ule nilikuwa nimeamini, bila kujiuliza hata mara moja, kwamba watu hudhuru wenzao kwa kutojua maneno. Tasnifu nzima ilisimama juu ya dhana hiyo: wafundishe tofauti, na ilani zitakuwa za haki. Sasa hapa alikuwepo mtu mmoja aliyezijua tofauti zote kuliko mimi, na alikuwa amechagua lililomfaa, lenye makali, akaliweka mahali pake bila kosa la herufi. Mpangaji anayehama kwa hiari yake hahitaji kutengenezewa chochote.

Niliweka simu mfukoni nikavuka ua.

Mathe alikuwa amekaa kitandani, miguu imekanyaga tofali ili asiteleze, anashonea sare vifungo kwa mkono. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka, kama maiti. Kupitia ukutani mwanga wa nje uliingia kwa mstari mwembamba kutoka dari hadi sakafu, na mtoto alikuwa akiupitisha mkono wake ndani ya mstari huo, akiutoa, akiurudisha.

"Mathe, twende kwangu," nilisema. "Leo. Wewe na mtoto. Upande wetu hakuna ufa. Nina godoro la ziada."

"Asante, mama."

"Basi nikusaidie kubeba nini?"

"Hapana. Nimesema asante." Aliukata uzi kwa meno. "Sitoki."

Nikamweleza. Nilitumia kila neno nililokuwa nalo. Nilimweleza kuhusu maji yanayopita chini ya ardhi, kuhusu ukuta, kuhusu mlango usiofunga. Yeye aliendelea kutikisa kichwa, si kwa ukaidi. Kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma somo ambalo yeye alishalifanyia mtihani.

"Watoto wa ploti wamenisomea hiyo simu," alisema. "Huyo madam amesema nini? Amesema tutoke?"

"Amesema anayetaka kutoka atoke."

"Na kurudi?"

Niliokota kifungo kilichokuwa sakafuni nikampa.

"Mimi nishawahi kutoka nyumba," alisema mathe. "Si hapa. Kule nilikoolewa, upande wa Molo, miaka ile ya fujo za uchaguzi. Walikuja watu wazuri, si wabaya, watu wa kanisa, na lori. Wakasema, mama, panda, ni siku mbili tu, mambo yatulie. Niliacha maharagwe mekoni. Moto niliupunguza, si kuuzima, kwa sababu ni siku mbili." Akachukua kifungo kingine, akakipima kwa kidole. "Niliporudi kuna mtu amefungua mlango wangu kutoka ndani. Mama kama mimi. Ana mtoto mgongoni. Ameniuliza, unatafuta nani?"

Mtoto aliacha kuchezea ule mwanga.

"Mimi sikugombana na yeye. Ningegombana kwa lugha gani? Nilimwambia, nimepotea njia." Akatunga uzi. "Kwa hivyo, mwanangu, wewe ni msomi na mimi nakupenda. Lakini mlango nikiutoka, mlango hupata mtu. Hii sare ni ya Jumatatu."

Nilisimama pale nikitafuta neno, kwa mazoea tu, na kila neno lililokuja lilikuwa sahihi. Ningeweza kumwambia kwamba kwa maana halisi yeye hata-"vacate". Ningeweza kumwandikia. Ningeweza kumsomea ufafanuzi kutoka kamusi tatu. Lakini mimi sikuwa na mlango wa kumwahidi. Aliyekuwa nao alikuwa Rongai, katikati ya mahindi, na kitu pekee ambacho mathe angeamini ni sauti ya Madam mwenyewe ikimwahidi mlango huo. Si maandishi. Hata waliokuja na lori, alisema baadaye nilipomuuliza, walikuwa na maandishi.

Nje mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa mlima Menengai, rangi ya sufuria iliyoungua. Ukutani lipu ilidondoka tena kidogo, na sote watatu tukageuka kuitazama hadi ilipokoma.

Nikatoa simu.

"Unaandika tena?" mathe aliniuliza, kwa upole.

"Hapana."

Kupiga simu kulinitisha kuliko ufa. Katika kuandika kuna kufuta. Kuna kusoma tena, kungoja, kuuliza kamusi. Katika simu sentensi hutoka ikiwa uchi na husikika ilivyo. Tena hakuna mpangaji aliyewahi kumpigia Madam akapokelewa. Dereva alijaribu mara moja akidhani sheria ile ni utani, na kesho yake akasomewa sheria mbele ya kikundi kizima. Niliitafuta namba. Nilijiuliza nianze kwa lugha gani. Nilijiuliza kama nimsalimie kwanza, na kama salamu ndefu ingeonekana woga na fupi ingeonekana dharau. Kisha kitanda kikatoa mlio chini ya mathe, tofali likateleza, naye akashika ukuta kwa mkono mmoja bila kuangusha sindano. Nikabonyeza.

Ililia hadi ikakatika. Nikapiga tena. Ikalia, ikalia, kisha ikashikwa, na nikasikia kuku na upepo.

"You know the rule," sauti ilisema. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia, na nzee zaidi.

"Shikamoo, Madam. Ni mimi wa namba nane."

Kuku waliendelea kulia.

"Sikukupigia kuhusu neno lolote," nilisema kwa Kiswahili. "Mathe wa namba tatu ameketi kitandani na ukuta umefunguka nyuma yake. Ana mtoto. Nimemwambia aje kwangu, amekataa, kwa sababu anaamini akitoka utampa mtu mwingine mlango. Hatatoka mpaka akusikie wewe. Mimi hanisikii."

"I have already stated my position."

"Ndiyo. Niliusoma msimamo wako. Mvua inakuja, Madam."

Nilimsikia akipumua. Nilijua anachofanya, kwa sababu ndicho ambacho mimi ningefanya: alikuwa akitafuta sentensi. Nilimwacha aitafute. Nje tone la kwanza liliangukia bati, likafuatwa na jingine.

"Kitanda kiko wapi?" aliuliza hatimaye, na Kiswahili chake kilikuwa cha kawaida kabisa, cha sokoni, cha mtu aliyelelewa na mama. "Karibu na huo ukuta?"

"Kimeegemea huo ukuta. Mguu mmoja uko juu ya matofali."

"Hakuna aliyeniambia kuhusu kitanda."

"Hapana. Hatukuandika."

"Mpe simu."

Nikampa. Mathe aliishika mbali na sikio, kama mtu anayeshika kitu cha moto, kisha akaisogeza karibu.

"Haloo. Ndiyo. Mzima, na wewe? Mahindi je?... Ah, pole. Hapa pia imenyesha." Akasikiliza. Uso wake haukubadilika. "Ndiyo, nimesikia. Lakini sema tena, jirani yangu asikie. Mama, we weka sauti juu," aliniambia, nami nikabonyeza, na chumba chote kikajaa upepo wa Rongai.

"Mlango ni wako," Madam alisema. "Ukuta utatengenezwa, na kama hautatengenezeka nitakupa chumba kingine, na hicho pia kitakuwa chako. Hakuna mtu atakayefungua. Ufunguo ubaki nao wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

"Si yule kijana wa kukusanya kodi?"

"Si yeye. Wewe, mama."

Mathe alifikiri. Kisha alimwita mtoto kwa kidole, akamvalisha kiatu kimoja, akatafuta cha pili chini ya kitanda kwa mguu.

"Usikate," alimwambia Madam. "Ngoja nivae na mimi. Usikate mpaka nifike kwa huyu." Na Madam hakukata. Mathe aliufunga mlango uliokataa kufungika kadiri ulivyokubali, akazungusha ufunguo hewani kwenye kitasa kisichoshika, akauingiza kifuani, akavuka ua katika mvua, sare begani, simu mkononi, akimweleza mwenye ploti hatua kwa hatua alipofika: sasa yuko kwenye bomba, sasa ameuruka ule ufa, mtoto naye ameuruka, sasa anaona mlango wa namba nane.

"Nakusikia," simu ilikuwa inasema. "Endelea. Nakusikia."